KUHUISHWA SI KURUDI TU

 

Katika Zaburi ya 23, aya ya 3, Daudi anaeleza jinsi Bwana, Mchungaji wake, anavyoitendea nafsi yake. Biblia yetu ya Kiswahili ya mwaka 1952 imetumia neno "kuhuisha". Neno hili ni ndugu ya "hai" na "uhai", nayo asili yake ni Kiarabu. Kuhuisha ni kutia uhai. Lakini Daudi alisema kwa Kiebrania, na shina la neno lake ni "shuv", maana yake kurudi. Mchungaji humrudisha kondoo aliyepotea, na kondoo huyo hupata kuishi tena. Maana hizo mbili zinakwenda pamoja.

Sisi wa nchi hii ya chai tumeona zikitenganishwa. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni iliwaondoa watu wa ukoo wa Talai hapa Kericho, wazee, akina mama na watoto, ikawapeleka Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, mahali pa mbu na mbung'o. Wakakaa huko karibu miaka 30. Uhuru ulipokaribia wakarudishwa, lakini wengi hawakupata ardhi ya kulima. Miguu ilirudi; maisha hayakurudi.

Tunaihuzunikia dhuluma hiyo, na ni haki. Lakini, ndugu zangu, tujiulize: hapa Kiptere ni nani aliyerudi, nasi hatujamhuisha? Yuko kijana aliyetoka gerezani. Kanisani tunampa mkono, ila hakuna anayemwita kuchuma chai. Yuko binti aliyerudi kwao kutoka kwa mume. Mlango tumemfungulia, kisha tunamsema mtoni tukichota maji.

Katika Luka 15, mwana mpotevu aliporudi, babaye hakumwambia "karibu" tu. Alimpa vazi, pete na viatu, akamketisha karamuni kama mwana. Huko ndiko kuhuisha.

Basi leo nenda kwa mtu mmoja. Mpe kazi, au kiti karibu nawe.

Tuombe. Ee Bwana, Mchungaji wetu, uliyeturudisha kwako, utufundishe kuwapa ndugu zetu nafasi ya kuishi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.