Kura Isiyo na Jina



Tumekutana kuwapima wagombea, na ubishi nimeusikia tangu mlangoni: huyu aliunga mkono fedha za vita, yule alizikataa. Bisheni, ni haki yenu. Lakini kabla hatujamhukumu mtu kwa kura yake, twendeni kwanza Seneti ya Marekani, tarehe 3 Novemba 2003.

Siku ile zilipitishwa zaidi ya dola bilioni 87, sehemu kubwa kwa ajili ya vita vya Iraq na Afghanistan. Maseneta ni 100. Waliokuwemo ukumbini ni wa kuhesabu kwa vidole. Majina hayakuitwa. Aliyekalia kiti aliuliza, wakaitikia kwa sauti, yakaisha. Robert Byrd, mzee wa miaka 85, alisikika akipaza sauti kukataa. Wenzake wengi hata kuja hawakuja!

Wiki mbili nyuma, tarehe 17 Oktoba, majina yalikuwa yameitwa: 87 wakaafiki, 12 wakapinga. Mmoja wa wale 12 ni John Kerry. Mwaka uliofuata, akiwania urais, alisema kwamba aliziunga mkono zile bilioni 87 kabla ya kuzipinga. Akachekwa. Kampeni ya George W. Bush ikaitangaza kauli ile kila mahali. Wangapi waliuliza ile kura ya kuunga mkono ilihusu nini? Yeye na Joe Biden walitaka fedha zipatikane kwa kuwapunguzia matajiri nafuu ya kodi, badala ya kukopa. Wakashindwa.

Simtetei Kerry. Oktoba 2002 alipiga kura ya kuruhusu vita vya Iraq, na aliyeruhusu nyumba iwashwe moto asituletee ugomvi wa bei ya maji. Lakini Kerry anaulizika, kwa sababu jina lake limeandikwa. Wale wa tarehe 3 Novemba utamshika nani?

Na tuangalie walichokipitisha. Ndani yake mlikuwa na fedha za fulana za kuzuia risasi, wakati ambapo kuna familia za askari zilizokuwa zikijinunulia fulana hizo na kuwatumia watoto wao vitani. Mlikuwa na mabilioni ya kuijenga upya Iraq. Aliyeona ni sawa angesimama akaafiki kwa jina lake. Aliyeona ni dhambi angesimama akapinga kwa jina lake. Kilichowashinda kusimama ni nini?

Wengi humu tumetoka Goma, Uvira, Bujumbura. Tunajua vita vinavyobisha hodi usiku, na tunajua kila risasi ina aliyeilipia. Leo sisi ni raia hapa Marekani, kodi inakatwa kwenye mishahara yetu kabla hatujaishika. Anayeidhinisha vita anaidhinisha kwa jasho letu. Halafu tusijue hata ni nani?

Katiba ya nchi hii inasema moja ya tano ya waliohudhuria wakitaka, kura ziandikwe kwa majina. Siku ile hawakutaka. Hakuna sheria iliyowazuia, ndugu zangu. Hawakutaka!

Basi wagombea wakipanda jukwaani, msiwaulize kama wanawapenda askari. Nani atasema hawapendi? Waulizeni: ulipoafiki, ulitaka nani alipe? Ulipopinga, ulipendekeza nini? Na je, utadai majina yaitwe kila fedha za vita zinapoletwa? Akizungukazunguka, mrudisheni kwenye swali. Akikasirika, mrudisheni. Wazee, ulizeni. Kina mama mliozika watoto kwa sababu ya vita, ulizeni kuliko wote. Vijana, kumbukumbu za kura za Seneti ziko wazi kwa kila mtu. Zisomeni, mje nazo mkononi.

Na anayeogopa kutia jina lake kwenye kura ya vita, asije kututaka kura zetu.