Nani Atalipia Umeme wa Maktaba?

Maktaba ya McMillan, katikati ya Nairobi, ilifunguliwa mwaka 1931, na hadi 1958 ilikuwa ya Wazungu pekee. Tangu 2017, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, kupitia shirika lao la Book Bunk, wanabisha hodi kwa wafadhili ili jengo hilo, pamoja na matawi ya Kaloleni na Makadara, yawe ya wananchi kwelikweli.

Msikilizaji, kazi hii si kuomba tu. Mfadhili hupenda kukata utepe. Hupenda kuleta shehena ya vitabu, hata vile ambavyo kwao havisomwi tena. Ni wachache wanaouliza mshahara wa mkutubi unatoka wapi, au bili ya umeme italipwaje mwezi ujao. Ndiyo maana anayeongoza changizo anahitaji ujasiri wa kukataa msaada usiofaa, na uadilifu wa kumpa aliyechanga shilingi mia hesabu ileile anayopewa aliyechanga milioni.

Na serikali ya kaunti, ambayo ndiyo mwenye mali, isijifiche nyuma ya wafadhili. Mishahara na umeme viwemo kwenye bajeti yake, kila mwaka.