Chama cha Wachimbaji: Tuulize Nini Kwenye Mkutano wa Mwaka?

(Mazungumzo na wasomaji wa Bangwe)



Leo tuzungumze habari za madini. Huenda mmoja wenu atasema: "Sisi wa Bangwe ni watu wa ziwani. Tunajua dagaa na migebuka. Madini yanatuhusu nini?" Swali hilo ni zuri. Tulijibu.

Mchimbaji ni nani?

Wengi wetu tukisikia neno madini tunafikiria dhahabu na tanzanite tu. Lakini Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inataja pia madini ya viwandani na madini ya ujenzi. Chumvi ni madini. Mawe ya kujengea, kokoto na mchanga ni madini. Basi, ndugu anayechimba mawe au mchanga ili auze ni mchimbaji, hata kama hajawahi kuona dhahabu.

Tena mkoa wetu una historia ndefu ya madini. Kule Uvinza, karibu na mto Malagarasi, ziko chemchemi za maji ya chumvi. Mwaka 1967 wataalamu wa mambo ya kale walichimba pale. Waligundua kwamba watu walikuwa wakipika chumvi tangu zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Chumvi hiyo ilifika Ujiji, ikavuka ziwa. Watawala wa Uvinza walitoza kodi, nao wapikaji waliilipa kwa chumvi yao. Wajerumani walipotawala, kazi ile ikawekwa chini ya kampuni. Tunaona nini hapo? Aliyeshika chungu cha kupikia hakuwa yeye aliyepanga mambo.

Umoja una faida gani?

Leo wachimbaji wana vyama vyao. Makampuni makubwa yana Chemba ya Migodi, iliyoanza mwaka 1994. Wanawake wachimbaji wana TAWOMA, iliyoanza mwaka 1997. Wachimbaji wadogo wana vyama vya mikoa, na vyama hivyo vimeungana katika shirikisho liitwalo FEMATA.

Tutoe mfano mmoja. Zamani mchimbaji mdogo alipouza madini alidaiwa kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, na kodi ya zuio, asilimia 5. Hapo bado mrabaha na ada nyingine. Wengi waliona afadhali wauze kwa magendo. Mwaka 2019, mwezi wa Januari, wachimbaji walikutana na Rais John Magufuli mjini Dar es Salaam. Rais wa FEMATA wakati huo alikuwa John Bina. Wachimbaji walieleza shida zao waziwazi. Mwezi wa Februari Bunge likaziondoa kodi hizo mbili kwa wachimbaji wadogo. Mwezi wa Machi soko la madini likafunguliwa Geita, na masoko mengine yakafuata mikoani.

Mtu mmoja peke yake asingeweza. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Na jambo hili si dogo kwa nchi. Mwaka 2024, katika kila shilingi 100 za pato la taifa, shilingi 10 hivi zilitokana na madini.

Mkutano wa mwaka

Lakini chama kuwapo si mwisho wa maneno. Chama kinaweza kulala. Chama kinaweza kuwa mali ya watu watatu. Ndiyo maana kuna mkutano wa mwaka. Siku hiyo viongozi husimama mbele ya wanachama na kutoa hesabu ya kazi yao. Mwanachama asiende pale kupiga makofi na kunywa soda tu. Aende na maswali manne.

La kwanza ni kazi. Mwaka jana tulikubaliana kufanya nini? Yapi yamefanyika? Yapi hayakufanyika, na kwa nini?

La pili ni fedha. Michango yetu ni shilingi ngapi? Zimetumika wapi? Risiti ziko wapi?

La tatu ni uongozi. Viongozi walichaguliwa lini, na muda wao unaisha lini? Akina mama wamo katika kamati, au wanaitwa siku ya kupika tu?

La nne ni sera. Chama kimepeleka malalamiko gani serikalini? Serikali imejibu nini?

Hapa tuangalie jambo moja zito. Leseni ndogo ya uchimbaji hupewa raia wa Tanzania, nayo ni ya miaka 7. Lakini machimboni mwenye leseni ni mmoja, na wanaoingia shimoni ni wengi. Mwenye leseni ndiye anayejulikana ofisini. Anayeingia shimoni mara nyingi hana karatasi yoyote. Shimo likibomoka, nani atamtetea? Mavuno yakipatikana, mgawo wake umeandikwa wapi? Chama kinachosema kwa niaba ya wenye leseni peke yao kimefanya nusu ya kazi. Swali hili lisiachwe nje ya mkutano.

Kusoma ni silaha

Ndugu zetu, zamani tulisomewa taarifa, tukaambiwa tuweke dole gumba. Sasa tunajua kusoma. Basi tuombe taarifa iliyoandikwa. Tuisome wenyewe, polepole, tarakimu kwa tarakimu. Usitie sahihi mkataba wa shimo kabla hujausoma mpaka mwisho. Neno usilolielewa, uliza. Kuuliza si ujinga.

Na haya si ya wachimbaji peke yao. Chama cha wavuvi, cha wakulima, hata kikundi cha kuweka na kukopa, vyote vina mkutano wa mwaka. Maswali ni yale yale manne.

Maswali ya kujadiliana

1. Je, hapa kwetu ni nani wanaochimba mawe au mchanga wa kuuza? Wana umoja wowote?
2. Kwa nini wachimbaji waliweza kuondolewa kodi mwaka 2019?
3. Kiongozi akikataa kuonyesha hesabu, wanachama wafanye nini?