Ualbino Usioonekana kwenye Ngozi: Kipokezi cha GPR143 na Macho ya Watoto Wetu



Ukitaja ualbino hapa Tanzania, msikilizaji hufikiria mara moja ngozi na nywele. Ana sababu. Aina iliyoenea zaidi kwetu hutokana na hitilafu katika jeni ya OCA2, nayo hupunguza rangi ya ngozi, nywele na macho kwa pamoja. Jioni hii nazungumzia aina nyingine, ambayo ngozi haiitangazi. Hoja yangu ni moja: tukiendelea kuutafuta ualbino kwa kutazama rangi ya mtu, wapo watoto weusi wenye ualbino ambao tutawapita bila kuwatambua.

Aina hiyo ni ualbino wa macho. Daktari Mwingereza Edward Nettleship aliuandika mwaka 1909. Mwaka 1951 Mmarekani Harold Falls akaonyesha kwamba akina mama wa ukoo husika, ingawa wanaona vizuri, wana alama zao kwenye retina. Jeni yenyewe ilipatikana mwaka 1995 na kundi la Andrea Ballabio, ikiwa kwenye kromosomu X. Leo tunaiita GPR143.

Jeni hii huipa seli maelekezo ya kutengeneza protini yenye asidi amino 404, inayopita kwenye utando mara saba, kuingia na kutoka, kama uzi wa mshonaji kwenye kitambaa. Umbo hilo ni la ukoo mkubwa wa vipokezi vinavyofanya kazi na protini G. Ndiko kiliko kipokezi cha adrenalini, na ndiko iliko protini inayonasa mwanga ndani ya jicho. Utafiti juu ya ukoo huu uliwapatia Robert Lefkowitz na Brian Kobilka Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2012.

Lakini ndugu wengi wa ukoo huo hukaa kwenye utando wa nje wa seli, wakisubiri ujumbe kutoka nje. GPR143 hukaa ndani. Mwaka 1999 Maria Vittoria Schiaffino na wenzake walieleza kwamba makao yake ni vifuko vya ndani ya seli, hasa melanosomu, yaani vile vifuko vinavyotengeneza na kuhifadhi melanini, ile rangi ya ngozi, nywele na macho. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani wakaripoti kwamba kipokezi hiki huitikia DOPA. Ugunduzi huo una uzito wake, kwa sababu DOPA huzalishwa katika njia ileile ya kutengeneza melanini. Seli ya rangi, kwa hiyo, ina namna ya kujisikiliza yenyewe inapofanya kazi.

Kipokezi kikiharibika, melanini haikomi kutengenezwa. Kinachovurugika ni mpangilio. Melanosomu huwa chache, na baadhi yake huvimba kupita kiasi. Daktari akichukua kipande kidogo cha ngozi na kukitazama kwa hadubini, huyakuta majitu hayo hata pale ambapo ngozi hiyo haina dosari kwa macho ya kawaida.

Madhara makubwa yako kwenye jicho, na huanza kabla mtoto hajazaliwa. Fovea, kile kishimo katikati ya retina tunachokitumia kusoma na kutambua sura, haikui ikakamilika. Nyuzi za neva kutoka kwenye macho nazo hukosea njia: nyingi kuliko kawaida huvuka kwenda upande wa pili wa ubongo. Ndiyo maana miwani husaidia kurekebisha ukungu unaotokana na jicho kutolenga mwanga sawasawa, lakini haiwezi kujenga fovea ambayo haikujengeka.

Sasa mtazameni mtoto mwenyewe. Ni mvulana mweusi, nywele nyeusi, macho ya kahawia. Macho yake yanachezacheza kushoto na kulia bila yeye kutaka. Akitaka kusoma ubaoni hugeuza uso pembeni, kwa sababu kwenye pembe hiyo macho hutulia kidogo na herufi zinasomeka. Mwalimu humwambia, “Geuka, tazama mbele!” Kwa kumnyoosha shingo, amemnyang'anya uoni wake bora.

Kwa watu weupe, daktari hupata dokezo la mapema: mwanga hupenya irisi iliyopungukiwa rangi. Kwa watu weusi dokezo hilo mara nyingi halipo. Makala za kitabibu zilikwisha kutahadharisha hivyo katika miaka ya 1970, zikieleza familia za Wamarekani weusi ambao macho yao yalionekana yana rangi ya kutosha.

Tufanye nini basi? Tumwite mama. Mwanamke ana kromosomu X mbili, na mapema katika ukuaji wa mimba kila seli huizima mojawapo. Mwanabiolojia Mwingereza Mary Lyon alilieleza jambo hilo mwaka 1961. Kwa mama anayebeba hitilafu, baadhi ya seli za retina hutumia jeni nzima na nyingine jeni mbovu. Daktari akimtia matone ya kupanua mboni, mara nyingi huona mabaka meusi na meupe yaliyochanganyika kama matope yaliyorukia ukuta. Mabaka hayo hueleza ugonjwa wa mwanawe. Kila mtoto wa kiume wa mama huyo ana nafasi nusu kwa nusu ya kuupata. Baba mwenye ualbino huu hampi mwanawe wa kiume jeni mbovu, ila binti zake wote huibeba jeni hiyo.

Tiba ya kurudisha uoni haijapatikana. Jaribio la kutoa levodopa, yaani ile DOPA ikitumiwa kama dawa, kwa watu wenye ualbino, lililochapishwa mwaka 2014, halikuboresha uoni wao. Hata hivyo utambuzi una faida leo hii: familia huacha kuhangaika na vipimo vya ubongo visivyohitajika, mtoto hupewa miwani, kofia ya kukinga mwanga, maandishi makubwa na dawati la mbele, na huachwa ageuze kichwa apendavyo.

Nawaomba wenzangu wa kliniki za macho wafanye jambo lisilohitaji mashine mpya. Mvulana akiletwa na macho yanayochezacheza, msimruhusu mama yake aondoke kabla hamjaitazama retina ya mama mwenyewe.