Siku Nyeupe: Raha Ndogo za Vijiji vya Wavuvi wa Ziwa Tanganyika

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya jamaa)

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. 

Binadamu akiambiwa ataje neema, aghalabu hutaja zile kubwa: mali, watoto, afya, safari ya Hija. Neema ndogo huzipita kama apitavyo kivuli cha mwembe njiani. Hupoa jasho, akaenda zake, wala hakumbuki kuwa alipumzika. Maneno ya leo yanahusu neema hizo ndogo, na mfano wake ni vijiji vya wavuvi vilivyo kandokando ya Ziwa Tanganyika, upande wa Burundi, tangu Rumonge kushuka hata Nyanza-Lac.

Ziwa lenyewe ni kubwa. Urefu wake ni karibu kilometa 670, na kina chake hufika meta 1,470. Hapana ziwa duniani lilishindalo kwa kina ila Baikal la Urusi. Nchi nne zinaligawana: Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia. Mtu asimamaye ufukoni Rumonge huwa na vilima vya Burundi mgongoni, na mbele yake, ng'ambo ya maji, huiona milima ya Kongo. Kwa hiyo mwezi mwandamo huonekana juu ya milima ya Kongo, jua likiisha kutua. Na mwezi mpevu huchomoza nyuma ya vilima vya nyumbani.

Uislamu uliingia nchi za ziwa hilo katika karne ya 19, ukiandamana na misafara iliyotoka pwani ya Bahari ya Hindi, ikapita Tabora, ikafika Ujiji. Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi wa Februari 1858 waliwakuta Waarabu na Waswahili wamekwisha kuwatangulia. Misafara ile ilichukua pembe za ndovu, na ilichukua pia watu utumwani. Jambo hilo halifichiki, wala halistahili kufichwa. Dhuluma ile ilipokwisha, vilivyobaki vijijini ni msikiti, chuo cha Kurani, lugha ya Kiswahili, na desturi ya kumkaribisha mgeni kabla ya kumwuliza atokako. Wajerumani wakaja wakaenda. Mwaka 1916 wakaingia Wabelgiji. Tarehe 1 Julai 1962 nchi ikapata uhuru wake. Katika zamu zote hizo mvuvi aliendelea kuhesabu siku zake kwa mwezi.

Sababu ya kuhesabu hivyo ni dagaa. Warundi humwita indagara, na wasemao Kiswahili huko humwita ndagala. Ni samaki mdogo kama kidole, na maisha yake hayazidi sana mwaka mmoja. Lakini kwa wingi wake amelisha vizazi na vizazi. Mchana hukaa chini penye giza, na usiku hupanda juu kufuata vijidudu vya majini avilavyo. Wazee wa zamani walimvua kwa moto uliowashwa mtumbwini, wakamteka kwa wavu wenye mpini uitwao lusenga. Baadaye ikaja taa ya karabai. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ukaja mtindo wa kuunga mitumbwi miwili kwa miti, na wavu mpana ukashushwa chini yake, ukainuliwa dagaa wakiisha kukusanyika. Siku hizi taa za betri na za nguvu ya jua zinashika mahali pa karabai. Taa zimebadilika, lakini siri ni ile ile: dagaa huifuata taa pale tu palipo giza. Mbalamwezi ikienea juu ya maji yote, taa ya mvuvi haina kazi, kwa maana samaki hana haja ya kuja kwenye nuru ndogo naye amekwisha kuzungukwa na nuru kubwa.

Basi maisha ya kijiji hufuata hesabu ya mbingu. Siku za kwanza za mwezi, hilali hutua mapema, na wavuvi hungoja itue ndipo wawashe taa. Mwezi ukikua, giza hupungua, hata ukifika siku ya kumi na mbili au kumi na tatu vyombo huvutwa mchangani. Hukaa hapo kiasi cha juma moja. Kisha mwezi huanza kuchelewa kuchomoza, kila usiku karibu dakika 50 kuliko usiku uliotangulia. Usiku wa ishirini na moja huchomoza kiasi cha saa tano, na mvuvi anayo giza ya kutosha tangu Magharibi hata wakati huo. Hapo ufuko hujaa tena makelele ya kushua vyombo, na usiku kucha ziwa huonekana kama mji, taa moja baada ya moja, hata mwisho wa macho.

Katika siku hizo za kazi raha zipo, ingawa ni za haraka. Ipo raha ya alfajiri, mwadhini akiwa amekwisha adhini na vyombo vikirudi mmoja mmoja, na wake kwa waume wakinyosha shingo watambue kwa namna chombo kilivyozama kama kimebeba au hakikubeba. Ipo raha ya kugawana. Mwenye chombo huchukua fungu lake, mabaharia hugawana lililobaki, na kila mmoja huenda na kitoweo cha nyumbani. Mtoto aliyesaidia kuvuta kamba hapati fedha, lakini hupewa konzi ya dagaa, akaenda mbio kwa mama yake kama aliyeokota lulu. Mjane aliyesimama kando na ungo wake hasemi neno, wala haombi. Hutiliwa kidogo, akajibu kwa dua. Hesabu ya konzi ile haimo katika daftari ya mwenye chombo, na labda kwa sababu hiyo ndiyo iliyo safi kuliko hesabu zote za siku ile.

Lakini raha za utulivu zote huja mwezi ukipevuka. Hapa yafaa msikilizaji atazame jambo moja. Siku ambazo wavuvi hupumzika ndizo zile zile ambazo Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwasunia watu kufunga: siku ya kumi na tatu, ya kumi na nne na ya kumi na tano, ziitwazo Ayyamul Bidh, yaani siku nyeupe. Mkulima wa bara hufunga siku hizo huku jembe liko mkononi. Mvuvi wa dagaa hufunga kazi yake imekwisha simamishwa na Mola wake. Kadhalika Maulidi ya tarehe kumi na mbili ya Mfunguo Sita humkuta yuko nyumbani, na usiku wa nusu ya Shaabani humkuta yuko nyumbani. Mwezi umemnyang'anya taa yake, ukamrudisha msikitini kwake na kwa jamaa zake.

Siku nyeupe zikiingia, kijiji hubadili sauti. Chini ya miti wanaume hutandaza nyavu na kuzishona. Kazi hiyo hufanywa kwa vidole, na ulimi hubaki huru. Basi hapo ndipo habari husemwa, magomvi husuluhishwa, na mposo hupelekwa. Aliyemkasirikia mwenziwe kwa ajili ya mgawo wa usiku wa kiza humkuta ameshika upande wa pili wa wavu ule ule, na ni vigumu kushona wavu mmoja na mtu usiyesema naye.

Akina mama nao wana shughuli zao. Rumonge ni nchi ya michikichi. Mikungu ya chikichi hukatwa, chikichi zikachambuliwa, zikachemshwa, zikapondwa, kisha zikakamuliwa. Mafuta yakatokota tena mpaka mawese mekundu yakaelea juu, na kokwa zikawekwa kando kwa mafuta ya mise. Kazi ni nzito, na moshi wake huumiza macho, lakini haifanywi na mtu mmoja. Na penye watu wengi pana nyimbo na kicheko. Jioni yake huwa ugali wa muhogo, majani ya muhogo yaliyotiwa mawese mapya, na dagaa wakavu walioanikwa juma lililopita juu ya vichanja vya waya au juu ya mchanga. Tajiri wa mjini hana chakula kilicho kitamu kuliko hicho kwa mtu aliyefunga siku nzima.

Baada ya Isha hapana haja ya taa. Wazee huketi kwa chai ya tangawizi. Watoto wa chuo hushindana kusoma sura walizohifadhi, na akosaye hurekebishwa na babu asiyefungua msahafu. Wasichana hucheza uani. Baba ambaye kwa siku ishirini watoto wake walimwona amelala mchana tu, sasa wamemzunguka, na mdogo wao amelala mapajani pake. Mambo hayo hayana bei sokoni. Hata hivyo mvuvi akiulizwa ni nini kinachomfanya avumilie baridi na mawimbi, hapana shaka atataja mojawapo.

Katika Sura ya Al-Baqara imeelezwa kwamba miezi mwandamo imewekwa iwe vipimo vya nyakati za watu. Na katika Sura ya Yasin mwezi unaozeeka umefananishwa na kikonyo kikuukuu cha mtende. Watu wanaokaa chini ya michikichi hawahitaji kufasiriwa mfano huo. Hukiona kikonyo kilichopinda na kukauka kila siku.

Ni kweli kwamba hesabu hii ina mahali pake pa mtihani. Kumi la mwisho la Ramadhani huangukia katika giza. Ndizo nyusiku za kuutafuta usiku wa Lailatul Qadri, na ndizo nyusiku ambazo dagaa huja kwa wingi kwenye taa. Nguo za watoto za Idi hazijanunuliwa, zaka ya fitri inangoja, na imamu anaita watu wakeshe msikitini. Mvuvi maskini asilaumiwe kwa kwenda ziwani. Kuwatafutia watoto riziki ya halali kwa nia njema ni ibada. Lakini mwenye chombo na awape mabaharia wake zamu, ili kila mmoja apate walau nyusiku kadhaa za kukesha, wala asimpunguzie fungu aliyekwenda kumwomba Mola wake. Na yule aliye majini hakufungiwa mlango. Mkono wake umeshika kasia, ulimi wake haukushikwa na kitu.

Mtihani wa pili ni wa zama hizi, nao ni mkubwa zaidi. Samaki wanapungua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba maji ya juu ya ziwa yamezidi joto, na kwa sababu hiyo hayachanganyiki vema na maji ya chini yenye rutuba. Basi chakula cha samaki kimepungua. Juu ya hayo wavuvi wamezidi. Mtu aliyekosa katika siku za giza hushawishika, mbalamwezi ikifika, asipumzike, bali avute kokoro ufukoni. Na kokoro huzoa vitoto vya samaki ambavyo vingekuwa riziki ya mwaka ujao. Upande wa Tanzania serikali ilifunga uvuvi wa ziwa hilo kwa miezi mitatu, tangu 15 Mei hata 15 Agosti 2024, ili samaki wapate kuzaana. Amri kama hiyo ni chungu kwa mwenye sufuria tupu. Lakini yale ambayo serikali hulazimika kuyaamrisha kwa sheria, mwezi ulikuwa ukiyaamrisha kidogo kidogo tangu kale: wape samaki juma lao.

Basi siku nyeupe ni haki ya watatu. Ni haki ya samaki, wapate kukua. Ni haki ya mwili na jamaa za mvuvi, kwa kuwa Mtume alifundisha kwamba mwili una haki juu ya mwenyewe, na mke ana haki. Na ni haki ya jirani, ambaye hana wakati mwingine wa kutembelewa. Avutaye kokoro usiku wa mwezi mpevu huwadhulumu wote watatu, na faida yake ni kikapu cha vitoto vya samaki visivyojaza sahani.

Wazee wanayo kazi ya kuwaeleza vijana jambo hili kwa upole, kwa sababu kijana mwenye njaa hasikii makaripio. Amwonaye jirani hana kitu katika siku za mapumziko na ampelekee mawese na unga kabla hajaombwa, ili asilazimike kushika wavu ulioharamishwa. Mapumziko ya kijiji hayawezi kudumu ikiwa mmoja analala na mwingine analia njaa.

Mwenyezi Mungu awape wavuvi usalama majini na riziki ya halali. Alijaze ziwa lao baraka, awapatanishe waliogombana, awarehemu waliozama wasirudi, na awajaalie watoto wao wauone mwezi mpevu wakiwa wamewazunguka baba zao. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.