Kushika Imani Wakati wa Msiba



Jambo nitakalosema leo si geni katika nyumba ya mtu ye yote. Hakuna kijiji kisicho na makaburi, wala hakuna mlango ambao msiba hautaubisha siku moja. Nataka kuuliza swali hili: Mkristo aliyepatwa na msiba mkubwa aishikeje imani yake? Nauliza kwa kuwa nimewaona watu wengi, waliosoma na wasiosoma, waliomwacha Mungu kando ya kaburi. Walikuwa wakisali asubuhi na jioni, kisha mtoto akafa, au mume, au mavuno yakateketea, nao wakasema, "Nimemtumikia Mungu bure." Sikuja kuwalaumu. Nimekuja kuwaonyesha kaburi moja la zamani lililoko pwani, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, upande wa Kisauni.

Mwaka wa 1844 alifika Mombasa Mjerumani mmoja, jina lake Johann Ludwig Krapf, aliyetumwa na chama cha Kiingereza cha C.M.S. kuhubiri Injili. Walimu na wanafunzi wanamjua kwa kazi yake ya lugha, maana kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilipigwa chapa mwaka wa 1850, na kamusi yake ikatoka mwaka wa 1882, baada ya kufa kwake. Lakini wachache wanajua kazi ile ilianza katika nyumba ya namna gani.

Krapf alimwoa Rosine Dietrich huko Misri mwaka wa 1842. Mwaka uliofuata walikuwa safarini katika nchi ya Habeshi, na huko nyikani mke wake akajifungua kabla ya siku zake kutimia. Mtoto hakuishi. Wakampa jina la Kiamhara ambalo maana yake ni chozi. Huo ulikuwa msiba wa kwanza. Hata hivyo hawakurudi kwao Ulaya. Walishuka mpaka Unguja, na kutoka Unguja wakaja Mombasa. Mwezi wa Juni mwaka wa 1844, Krapf akisaidiwa na mwanachuoni mmoja wa Kiislamu wa mji ule, alianza kufasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili.

Mwezi mmoja haujaisha, nyumba yote ikashikwa na homa. Tarehe 6 Julai Rosine alijifungua mtoto mwanamke. Tarehe 13 akafa. Mumewe alikuwa mgonjwa sana kitandani, hata ilikuwa kwa shida kwamba aliweza kuinuka na kutazama kama mkewe amekufa kweli. Na kabla matanga hayajapoa, yule mtoto mchanga naye akafa, akazikwa pamoja na mama yake.

Kabla ya kufa, Rosine aliomba asizikwe kisiwani. Alitaka azikwe bara, katika nchi ya Wanyika, watu ambao leo huitwa Mijikenda, ili kila apitaye njia ile aone kaburi na kuuliza, "Mtu huyu alikuja kufanya nini hapa?" Wakafanya alivyotaka. Ndipo Krapf, akiwa bado dhaifu kwa homa, alipowaandikia wakubwa wake Ulaya. Aliwaambia kwamba sasa wana kaburi katika pwani ya Afrika ya Mashariki, na kaburi lile ni alama ya kwamba kazi imeanza, wala haitarudi nyuma.

Ndugu zangu, msidhani kwamba aliyeandika hivyo hakuwa na machozi. Wako watu wafikirio kuwa mwenye imani hapaswi kulia, na akilia imani yake imepungua. Huko ni kukosa. Bwana Yesu mwenyewe alilia mbele ya kaburi la Lazaro, naye alijua kwamba baada ya muda mfupi atamfufua. Na Mtume Paulo, alipowaandikia Wathesalonike, hakuwakataza kuomboleza. Aliwakataza kuomboleza kama watu wasio na tumaini lo lote. Kilio cha mtu aliyefiwa hakimchukizi Mungu.

Lakini liko jambo jingine linalovunja imani ya watu kuliko kilio, nalo ni hesabu. Mtu huhesabu moyoni: Nimesali kiasi hiki, nimetoa sadaka kiasi hiki, basi Mungu ataniwekea watoto wangu. Bila kujua ameifanya imani kuwa hirizi. Hirizi huvaliwa ili mabaya yasimpate mwenye kuivaa; yakimpata, huivua na kuitupa. Imani haikutolewa kwa kazi hiyo. Mitume waliuawa, na watakatifu walizika watoto wao. Mungu hakuahidi kwamba hatutapita bondeni. Aliahidi kwamba hatutapita peke yetu.

Na majirani nao hufanya hesabu yao. Niwieni radhi nikisema habari za nyumba yangu, maana sitaki mdhani nimeyapata maneno haya vitabuni tu. Miaka kadhaa iliyopita mtoto wetu wa tatu, msichana wa miaka minne, alishikwa na homa siku ya Alhamisi, na Jumapili tukamzika. Tulipokuwa bado tumekaa mkekani, mtu mmoja akanijia, akaniinamia sikioni, akasema, "Mwalimu, mmekosa nini ninyi?" Neno lile lilikaa ndani yangu kama mwiba. Kwa majuma mengi nilisimama mbele ya wanafunzi wangu nikiongoza sala kwa midomo, na moyo umefungwa. Nilikuwa nafundisha habari za Ayubu, na mimi mwenyewe sikuweza kuzisoma mpaka mwisho.

Usiku mmoja nilimwambia mke wangu kwamba sioni faida ya kwenda kanisani. Hakunihubiri. Alikuwa akikiosha kikombe kidogo cha marehemu, kama alivyofanya kila jioni, akasema, "Baba Yohana, mimi nami siwezi kusali. Lakini nitakwenda nikae karibu na hao wanaosali." Akaenda, nami kwa aibu nikamfuata. Tulikaa nyuma kabisa. Hatukuimba. Wengine wakaimba kwa ajili yetu, Jumapili baada ya Jumapili, mpaka siku moja nikasikia sauti yake imeingia katika wimbo, na yangu ikaifuata.

Tangu hapo nimeisoma habari ya Ayubu kwa macho mengine. Rafiki zake watatu walipokuja kumhani, waliketi naye chini siku saba bila kusema neno. Hiyo ndiyo kazi njema waliyoifanya. Walipofumbua vinywa na kuanza kumtafutia dhambi, ndipo walipomwumiza, na mwishoni Mungu akawakemea wao, wala si Ayubu aliyelalamika. Basi ukienda matangani, keti. Chota maji, pasua kuni, lea watoto wa wafiwa. Maneno yako yanaweza kungoja.

Nirudi Kisauni, maana habari yetu haikuishia kaburini. Mwaka wa 1846 Krapf alipata mwenzake, Johannes Rebmann, nao wakajenga kituo huko Rabai. Rebmann naye alimzika mtoto, na mwaka wa 1866 akamzika mkewe. Akaendelea peke yake mpaka macho yake yakapofuka, akarudi kwao mwaka wa 1875 akiongozwa kwa mkono. Katika miaka hiyo yote Wakristo aliowaona walikuwa wachache wa kuhesabika kwa vidole. Krapf na Rebmann walipanda, lakini hawakuvuna.

Katika miaka ile ile Rebmann alipokuwa akiondoka, upande ule ule wa Kisauni palijengwa kijiji cha Frere Town, wakawekwa humo watu waliotolewa katika majahazi ya watumwa. Walikuwa wamepotewa na mama, na kabila, na hata majina yao. Kengele yao ya kuonya hatari za washambulizi ndiyo iliyopapa mahali pale jina la Kengeleni, nalo lingaliko. Watu hao waliofiwa na kila kitu wakawa kanisa, karibu na kaburi la mwanamke aliyetaka wapitao njia waulize.

Tena mkumbukeni William Jones. Alikuwa Mwafrika aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto, akaokolewa, akasomeshwa Bara Hindi na kufundishwa uhunzi, kisha akaja kufanya kazi Rabai mwaka wa 1864. Mwaka wa 1885 Askofu James Hannington alimfanya shemasi na kusafiri naye kwenda Uganda. Njiani Askofu alimwacha Jones na sehemu kubwa ya msafara huko Kavirondo, akatangulia na watu wachache. Mwezi wa Oktoba Askofu akauawa Busoga, na wapagazi wake wengi pamoja naye. Jones akawakusanya waliobaki, akawarudisha pwani kwa miguu. Walipoingia Rabai mwezi wa Februari 1886, walitanguliwa na bendera iliyoandikwa neno moja la Biblia: Ikabodi, yaani utukufu umeondoka. Wanawake wakatoka kuwatafuta waume zao, na wengi hawakuwaona.

Angalieni, Jones hakuandika kwenye bendera ile maneno ya furaha ambayo moyo wake haukuwa nayo. Aliandika huzuni yake kwa herufi kubwa, akaibeba mchana kweupe mpaka kwenye kanisa lake. Wala hakuiacha kazi. Watumwa waliokimbia mabwana zao walipokuja Rabai, yeye alikuwa miongoni mwa waliowahifadhi. Na tarehe 1 Januari 1889, baada ya mabwana kulipwa, zaidi ya watu elfu moja walipewa hati za uhuru wao. Hivyo ndivyo imani ilivyo katika msiba. Husema kweli juu ya maumivu, huyaleta mbele ya Mungu na mbele ya ndugu, na kesho yake hurudi kazini.

Lakini nawasihi msichukue habari hizi na kusema, "Kumbe vifo vile vilikuwa vyema, kwa kuwa matunda yametokea." Kifo cha mama mzazi si chema. Siku za Krapf watu walidhani homa ya pwani huletwa na hewa mbaya. Mwaka wa 1897 tabibu Ronald Ross, akiwa Bara Hindi, aliviona vijidudu vya malaria ndani ya mbu, na tangu hapo tumejua adui yetu ni nani. Basi mtu alalaye bila chandarua, au amwachaye mtoto mwenye homa nyumbani akisema, "Ni amri ya Mungu," huyo haonyeshi imani. Mungu aliyetupa pumzi ndiye aliyempa tabibu akili. Tumtumie tabibu kwa bidii yote, na tukishindwa, ndipo tuseme kwamba tumeshindwa, tulie, na kumkabidhi Mungu aliye wetu.

Kwa nini Rosine alikufa, na mwingine mwenye homa ile ile akapona? Kwa nini binti yangu? Sijui. Ayubu naye hakuambiwa. Alikutana na Mungu, na hilo likamtosha. Na mimi, baada ya kupigana sana, nimeanza kuona jinsi lilivyoweza kumtosha.

Kwa hiyo, wewe uliyefiwa mwaka huu na unayenisikiliza ukiwa na moyo mzito, nakuomba mambo matatu tu. Lia, wala usione haya. Usitafute dhambi ya kueleza kifo, wala usikubali mtu akutafutie. Na ikiwa huwezi kusali, usikae peke yako. Nenda ukaketi karibu na hao wanaosali. Mzigo wa imani huchukuliwa kwa zamu: leo wao watakuchukulia, na siku itakuja wewe utamchukulia mwingine.

Kile kikombe kidogo kingali nyumbani kwetu. Mtoto wa jirani akija kuomba maji, mke wangu humpa katika kikombe hicho.

Mungu awafariji wote wenye huzuni. Kwa herini.