KARANGA NZURI ZIANZE NYUMBANI

Hotuba ya Kikundi cha Akina Mama kwa mkutano wa wanachama. Tumeiandika hapa ukutani ili yule asiyefika mkutanoni naye aisome, na anayejua kusoma amsomee asiyejua.



Tumeitwa tueleze habari ya yale madonge ya karanga na ufuta ambayo wengi wenu mmeyaonja shambani mkauliza yanatengenezwaje. Tutaeleza. Lakini tutaomba pia mtusikilize kwa jambo la pili, kwa sababu donge haliwezi kuwa zuri kuliko karanga iliyoingia ndani yake.

Kwanza, kwa nini tunahangaika na kitafunio? Sote twajua mwezi wa kwanza na wa pili ulivyo hapa kanda ya kati. Palizi imebana, chakula kimepungua ghalani, mtu anaondoka alfajiri na kikombe cha chai ya rangi mpaka saa nane. Mtoto naye anakwenda shule hivyo hivyo. Akipata shilingi ananunua biskuti. Biskuti ni unga mweupe na sukari. Baada ya saa moja njaa imerudi. Karanga na ufuta vina mafuta na protini, kwa hiyo vinakaa tumboni na nguvu inatoka polepole. Ufuta ambao haujatolewa ganda una madini mengi ya chokaa, na ulezi nao hivyo hivyo, yale yanayojenga mifupa na meno. Vitu hivyo vyote tunalima wenyewe.

Wazee hapa wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, na ile ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975. Watu walikaa vikundi vikundi wakasikiliza redio, halafu wakajadiliana wafanye nini kijijini kwao. Kilichowafaa ni kule kujadiliana na kutenda. Basi na sisi leo tusiishie kupiga makofi.

Mjini siku hizi wanatengeneza madonge ya namna hii kwa oti, lozi na matunda makavu. Hayaokwi, hayataki oveni wala jiko la umeme. Oti hatulimi, lozi hatuna. Lakini kazi ya oti ni kushika mafuta ya karanga ili donge lisimame, na kazi hiyo ulezi unaiweza. Asiye na ulezi atumie uwele.

MAHITAJI

Tumia kikombe kimoja kwa vipimo vyote, kile cha robo lita.
Karanga zilizokobolewa na kuchambuliwa, vikombe 2.
Ufuta, kikombe 1.
Unga wa ulezi, kikombe 1.
Asali, nusu kikombe.
Chumvi, nusu kijiko cha chai.
Unga wa ubuyu, vijiko 2 vya mezani, kama unao. Unatia uchachu mzuri, na una vitamini C kuliko chungwa la uzito ule ule.

KUTENGENEZA

Ufuta una mchanga, jamani. Upepete, kisha uoshe kwa kuuelea majini: mchanga unazama, ufuta unautoa juu kwa kichujio. Uanike ukauke kabisa.

Kaanga karanga kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, ukigeuza bila kuacha, mpaka ganda jembamba livuke kwa vidole. Zipoe, zipukuche, uzipepete. Hapo uzitazame tena moja moja, maana ganda likitoka ndipo ubovu uliojificha unaonekana.

Kaanga ufuta peke yake. Unataka dakika chache tu; ukianza kurukaruka na kunukia, epua. Ukiungua unakuwa mchungu na donge zima linaharibika.

Kaanga na unga wa ulezi, dakika kama 10, mpaka ubadilike rangi kidogo na unukie. Hatua hii wengine wanaipita wakiona ni kazi bure. Hapana. Unga mbichi una vijidudu, na donge halirudi tena motoni. Moto wa kikaango ndio moto wake wa mwisho.

Sasa twanga karanga kwenye kinu kisafi na kikavu mpaka zitoe mafuta na kushikana. Tia ufuta, twanga kidogo tu, usilainike wote. Mimina kwenye beseni, changanya na ulezi, chumvi na ubuyu. Asali itie kijiko kwa kijiko huku ukikanda. Ukiona linashikana mkononi bila kumeguka, acha. Likigoma, ongeza asali kidogo. Usitie maji wala maziwa wala ndizi. Unyevu ndio unaochachusha.

Finyanga madonge ya ukubwa wa ndimu ndogo. Utapata kati ya 24 na 28. Donge 1 lina kalori zaidi ya 100, na madonge 2 yanamfikisha mtu mzima saa sita bila kutetemeka. Yaweke kwenye kopo kavu lenye mfuniko, kivulini, uyamalize ndani ya siku 7. Ukisikia harufu ya mafuta yaliyokaa, usile.

Kuna ya kuangalia. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 asipewe asali hata kidogo, ina vijidudu ambavyo tumbo lake haliwezi kuvishinda. Mtoto wa chini ya miaka 5 asipewe karanga nzima wala donge lenye vipande, atapaliwa. Yeye mtwangie karanga laini kabisa umchanganyie kwenye uji. Mwenye kisukari akumbuke kuwa asali ni sukari. Na wapo watu ambao miili yao inakataa karanga: mtu akila akavimba midomo au pumzi ikabana, mkimbizeni hospitali, msingoje.

JAMBO LA PILI

Ndugu wanaushirika, sasa tuje kwenye karanga yenyewe.

Karanga ikivunwa na kukaa na unyevu inaota ukungu. Ukungu wa aina fulani unatoa sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hii haina harufu wala ladha yake. Moto wa jikoni hauiui: ukaange, uchemshe, utwange, ipo pale pale. Ikiingia mwilini kidogo kidogo kwa miaka inaharibu ini na kuleta saratani yake. Ikiingia nyingi kwa mara moja inaua ndani ya siku chache.

Haya si maneno ya kutishana. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa, wakatafuta wakakuta chanzo ni mashudu ya karanga waliyolishwa. Ndivyo sumu hii ilivyojulikana. Mwaka 2004 jirani zetu wa Kenya, upande wa Makueni na Kitui, waliugua watu 317 wakafa 125, kwa mahindi yenye sumukuvu. Mwaka 2016 ilikuwa zamu yetu: katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua watu 68, wakafa 20. Hayo nayo yalikuwa mahindi, lakini sumu ni ile ile, na karanga ni ndugu wa mahindi katika kuipenda.

Sasa tuangalie karanga zinavyosafiri. Zinaletwa ghalani, zinachambuliwa. Nzuri, nene, zenye rangi moja, zinaingia gunia la kuuzwa. Zilizosinyaa, zilizovunjika, zenye madoa, zenye ukungu, zinatengwa pembeni. Swali letu ni moja: zile za pembeni zinakwenda wapi?

Kuna maghala ambako anayechambua anaambiwa, "Hizo chukua mama, ujira wako." Naye anashukuru, anajaza kitambaa, anakwenda kuwakaangia watoto. Zile zilizobaki zinauzwa kwa bei ya chini, na mnunuzi ni yule asiye na uwezo wa kununua nzuri. Kwa hiyo mgeni wa mbali anakula karanga salama, na sumu imebaki kwa mtoto wa aliyezilima. Mchambuaji akilipwa kwa karanga mbovu, amelipwa sumu. Tena ukizitwanga ukatia asali na ubuyu, ubovu hauonekani tena. Donge letu hili, tulilolisifu sasa hivi, ndilo linaloweza kuuficha vizuri kuliko chakula chochote. Ndiyo maana hatukukubali kufundisha kutwanga bila kusema habari ya kuchambua.

Ulinzi wenyewe unaanzia shambani. Karanga zikomae, ziving'olewe vichwa vyake juani kwa wakati, zisiachwe udongoni mvua ikizikuta. Zikaushwe juu ya turubai au kichanja, si chini kwenye vumbi. Ukitikisa ganda kavu sikioni, punje inagonga ndani. Wakati wa kukoboa tusinyunyizie maji ili maganda yalainike. Mikono inapumzika lakini ukungu unafurahi. Gunia likae juu ya mbao, mbali na ukuta. Zile mbovu zisipewe kuku wala ng'ombe, maana sumu ya ng'ombe inatoka kwenye maziwa na kurudi kwa mtoto yule yule. Zizikwe mbali na kisima.

TUNAYOOMBA

Akina baba wametuuliza barazani: ufuta una bei, karanga zina bei, mnataka tule fedha? Tukapiga hesabu, nanyi pigeni. Kaya ya watu 6, madonge 2 kila mtu, siku 3 kwa wiki, ni madonge 36. Kwa wiki 10 za palizi, pamoja na zile za kutupa wakati wa kuchambua, zinatosha karanga kilo 5 zilizokobolewa, ufuta kilo 2 na nusu, na ulezi kilo 2. Hilo si gunia. Ni ndoo moja ya karanga na vikopo viwili vitatu. Na anayeuza zote wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, ndiye huyo huyo anayekuja kununua karanga dukani mwezi wa kwanza bei ikiwa juu. Huyo ndiye anayekula fedha.

Kwa hiyo tunaomba mkutano huu uamue mambo matatu.

Moja, kila kaya itenge kiasi hicho kabla gunia la kwanza halijapelekwa kupimwa, na zitengwe zilizo nzuri. Mabaki yasihesabiwe kuwa akiba.

Mbili, wanaochambua ghalani walipwe fedha, au karanga nzuri kwa kipimo kinachojulikana. Chama kiandike kanuni hiyo ili isitegemee huruma ya msimamizi wa msimu. Twajua itapunguza mapato ya mauzo. Tumeizungumza na tuko tayari makato hayo yatuguse sote, kwani wanaochambua ni sisi na binti zetu.

Tatu, zile zilizotengwa ziwekwe kwenye gunia lenye alama nyekundu, zipimwe mbele ya wajumbe wawili, zizikwe, na kilo zake ziandikwe kitabuni. Zisiuzwe hata kwa shilingi kumi. Msimu ujao tukifungua kitabu tutaona kama tunakausha vizuri zaidi au la.

Sisi kwa upande wetu tutakuwa na beseni, kinu na vikaango kila Jumamosi saa tisa alasiri nyuma ya ghala kwa majuma manne. Kila atakayekuja alete karanga zake vikombe 2. Tutazichambua pamoja kwanza, kabla ya kuwasha moto. Na akina baba mnakaribishwa, kutwanga hakuchagui.

Ndugu Mwenyekiti, tumemaliza. Hoja iko mbele ya wanachama; tunaomba ipigiwe kura leo, mizani haijaanza kazi.

Ushirika ni nguvu.

Kikundi cha Akina Mama